Kumtembeza Mama Mkwe

Gachoki alimpenda mama mkwe wake kwa dhati. Shida ni kwamba hakuwa amewahi kumwambia, kwa sababu hakuwa amewahi kumwambia jambo lolote.

Tangu amwoe Susan, miaka kumi na zaidi sasa, hakuwa amemsemesha mama huyo ana kwa ana, wala kumshika mkono, wala kutia tonge kinywani mbele yake. Ndivyo alivyolelewa kwao Runyenjes. Siku ya kupeleka mahari, baba yake mdogo, Njiru, alimvuta nyuma ya ghala la mahindi akampa wosia: "Mama mkwe ni kama jua, kijana. Liote, lakini usilikodolee macho." Wenyewe wanaiita nthoni, na ukiwauliza ni kitu gani watakuambia ni haya na heshima vilivyopikwa chungu kimoja. Basi alichotaka kumwambia mama mkwe alimpa Susan, naye Susan akafikisha. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama wote watatu wameketi sebule moja na kila mmoja amesikia vizuri.

Heshima si utumwa, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kula chapati na maharagwe juu ya kitanda, sahani mapajani, mlango umefungwa, huku wakisikia watoto wao wakicheka mezani. Gachoki alikula hivyo kwa wiki nyingi. Mama mkwe huyo, Mama Veronicah, alikuwa amepasuliwa goti, akaletwa Nairobi kupona nyumbani kwa Susan na Gachoki, Kahawa West, na kila chakula kilipotengwa mwenye nyumba alinyanyua sahani yake akatoweka.

Na bado alimpenda. Alipenda kuamka akisikia nyimbo za kanisa zikitoka jikoni kwa sauti ya chini, kama mtu anayeimbia sufuria. Alipenda kuona bintiye Kaari, ambaye amerithi jina la kuzaliwa la bibi huyo, akikemewa kwa Kimbeere na kujibu kwa Kimbeere, yeye ambaye zamani hakujua hata kuomba maji kwa lugha ya mama yake. Nyumba ilikuwa imepata mtu wa kuipa utulivu. Mara tatu Gachoki alimtuma Susan: "Mwambie mama akae nasi kabisa." Kule Siakago mama aliishi peke yake, na mwaka uliopita alikuwa ameanguka uani akalala chini mpaka jirani yake Rwamba alipokuja kuomba chumvi.

Mara zote tatu jibu lilikuwa moja. "Nitaona." Daktari alipomruhusu, mama akasema, "Sasa nipelekeni kwangu."

Susan alilia, kisha akapanga. Alikuwa muuguzi, na wauguzi hawakati tamaa mapema. Jumamosi, watoto wakibaki kwa jirani, wangempeleka mama, ndiyo, lakini wangempeleka kwa kumtembeza. Wangeanza na msitu wa juu Embu, ambao mama aliutazama kwa mbali maisha yake yote bila kuukanyaga. Kisha washuke hadi ufuoni mwa bwawa la Kamburu, huko alikokulia kabla maji hayajajaa. Jioni wangefika Siakago.

"Labda roho yake italainika njiani," Susan alimwambia mumewe wakifungia mkoba wa mama kwenye buti. "Akikubali, turudi naye. Akishuka na huo mkoba, Gachoki, hapandi tena. Mimi namjua mama yangu. Na siku ataanguka tena, Rwamba anaweza kuwa na chumvi yake."

Gachoki alifunga buti, akaingia nyuma ya usukani.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na tundu. Susan ndiye aliyekuwa mdomo wa watu wawili, na mdomo huo ulikuwa umetoka zamu ya usiku hospitalini. Hawajafika Thika, kichwa chake kiliegemea kioo na mkoromo ukaanza. Gachoki alishika usukani. Mama alikuwa nyuma, mikono juu ya mkongojo. Gari likawa kimya hata mtu angesikia tumbo la mwenzake.

Walipofika Mwea, ukungu ukapasuka. Mlima Kenya ulisimama juu ya mashamba ya mpunga bila hata utepe wa wingu, theluji yake ikimetameta, na miguu ya mlima imejaa kijani kibichi hadi upeo. Mashamba chini yalikuwa na maji, kwa hiyo kulikuwa na mlima juu na mlima mwingine chini, umepinduka, na ndege weupe wakitembea juu ya kilele chake.

Nyuma mama alivuta pumzi.

"Susan," akasema, "mwambie Baba Kaari atazame mlima."

Susan alikoroma.

Gachoki aliwaza. Mtu hawezi kunyamaza mbele ya mlima ule. Akakohoa kidogo. "Susan, mwambie mama nimeuona. Leo umevaa nguo za Jumapili."

Mama akasogea mbele kitini. "Susan, muulize Baba Kaari, ni kweli huko juu kuna baridi ya kuua?"

"Susan, mwambie mama ni kweli. Mimi nilipanda nikiwa shule, nikarudi na masikio kama ya mtu mwingine."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichomtoroka. Gachoki alijiona kama mtu aliyefunga bao. Kuanzia hapo hadi mji wa Embu wawili hao walizungumza bila kukoma, wakimpitishia maneno mwanamke aliyelala kama gogo. Walizungumza kuhusu mpunga, kuhusu bei ya ndengu, kuhusu mhubiri mmoja wa Ishiara aliyeahidi mvua ikaja siku ambayo amesafiri. Mara moja Susan alifumbua jicho akasema, "Eh? Nani ameniita?" Wote wawili wakanyamaza kama watoto walioshikwa wakiiba sukari, mpaka akalala tena.

Msituni Susan alizinduka kwa baridi. Walikuwa wamepita mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, na chai ilipokoma, miti ikaanza mara moja. Hakukuwa na utangulizi. Ulikuwa unasimama kwenye jua, ukichukua hatua unajikuta ndani ya kijani chenye giza, kinachotona maji.

Mama Veronicah aliteremka akasimama tu. Alikuwa mtu wa nchi kavu, wa migunga na vumbi, wa mito inayoonekana mchanga miezi mingi ya mwaka. Hapa kila kitu kilikuwa kimelowa. Miti ya muiri ilipanda juu hadi shingo ikachoka kuifuata, magome yake yamevaa kuvu na kangaga ndogo zimeota juu ya matawi kama ndevu. Mto ulipita juu ya mawe meusi, maji yake safi hivi kwamba ungehesabu kokoto. Mahali fulani juu ndege mmoja mkubwa alikuwa anakwaruza sauti, na mabawa yake mekundu yakapita kati ya majani, yakapotea.

"Kwa hivyo haya maji ya mto wetu Thagana tuliyokuwa tukichota," mama alisema polepole, "yanatoka kwa miti." Aliinama kwa shida akatia mkono mtoni, akautoa haraka kwa baridi, akautia tena. "Mungu amejificha huku, Susan. Na sisi tunamwitia huko chini kwenye jua."

Gachoki alitaka kumwambia kwamba hata yeye, mtoto wa Runyenjes aliyekulia karibu na msitu huu, hakuwa ameuona vizuri hadi leo alipouona kupitia macho yake. Akatazama mahali Susan alipo ili amtume. Susan alikuwa ameshakwenda mbali, akipiga picha. Neno likamrudi tumboni.

Waliketi kando ya mto kula githeri na chai ya chupa. Nikisema waliketi, namaanisha mama na binti. Gachoki alichukua bakuli lake akaenda nyuma ya shina la mti mnene, akala amesimama, uso kwa uso na mbega mmoja mwenye joho jeupe aliyekaa tawini. Mbega alimtazama kila kijiko. Mtu mzima, mwenye gari na kazi ya bima, anajificha na githeri msituni. Angalau mbega hakuwa mama mkwe wa mtu.

Hakujua kwamba upande wa pili wa mti, mama alikuwa ameacha kula.

Kutoka msituni barabara ilishuka bila kuchoka. Chai ikageuka kahawa, kahawa ikageuka mahindi na makadamia, na kabla hujavua sweta, udongo ukawa mwekundu, kisha kijivu, na mawe makubwa yakaanza kujitokeza mashambani. Huo ndio uzuri wa Embu, na wenyeji hawasemi kwa sababu wameuzoea. Mtu hutetemeka kwa baridi saa nne, na saa nane anatafuta kivuli cha mgunga, na hajatoka kaunti moja. Joto la Kiritiri liliwapokea kama mlango wa jiko. Mama alifungua kioo, akakunjua shingo.

"Sasa napumua," alisema, bila kumpitishia mtu.

Kisha bwawa likatokea. Vilima vikavu, vya rangi ya ngozi ya simba, vilikuwa vimekaa kimya pande zote, na katikati yake maji mapana ya buluu yaliingia kila bonde kama vidole. Miti iliyokufa zamani ilisimama majini, na juu ya kila mti palikuwa na mnandi mweusi akianika mabawa yake. Upepo ulipita, ziwa zima likatetemeka mwanga. Mbali sana, kiboko alitoa pua, akapuliza, akazama.

"Hapo," mama alisema, akinyoosha mkongojo kuelekea majini. "Hapo kulikuwa na mtini mkubwa. Chini yake njia ya kwenda kuteka maji. Kwetu ni kule, ndani."

Hakuwa na huzuni. Alikuwa akitazama kama mtu anayeonyesha wageni nyumba yake.

Susan alikwenda kwenye kibanda kilichokuwa juu kando ya barabara kuagiza samaki wa kukaanga. "Mama akae kivulini," aliagiza. Mama alikaa kivulini mpaka Susan alipopotea machoni. Kisha akaegemeza mkongojo kwenye jiwe, akakaza leso, akaanza kushuka kuelekea maji. Goti jipya, na mtu mwenye miaka yake, lakini alishuka kama msichana anayejua njia.

Gachoki aliinuka. Angemwambia "Mama, rudi," lakini hakuwa na mtu wa kumwambia amwambie. Akamfuata, hatua chache nyuma, mwavuli wa jua mkononi, akigeuka kila mara kumtafuta Susan.

Ufuo wa bwawa si wa mchanga. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, na pale yalipotoka palionekana pakavu juu, pana nyufa nzuri, kumbe chini ni uji. Mguu wa kwanza wa mama ulizama hadi kifundo. Wa pili ukazama hadi nusu ya muundi. Akajaribu kuuvuta, mwili ukayumba, mkono wake ukanyooka nyuma kutafuta kitu cha kushika.

Gachoki alikuwa hapo hapo. Mkono wa mama ulikuwa mbele yake, umefunguka. Na hapa ndipo mtu wa Runyenjes alipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya hata akilipwa. Badala ya mkono, alimpa mwavuli.

Ulikuwa ule mwavuli wa kubonyeza. Mama alipoushika, kidole chake kilikuta kitufe, na mwavuli ukafunguka kwa kishindo usoni pake. Mama Veronicah akakaa matopeni, taratibu, kwa heshima zake zote.

Mnandi mmoja aliruka.

"Mkono!" mama alipaza sauti kutoka nyuma ya mwavuli. "Wewe Gachoki! Mungu alikupa mikono ya nini? Nipe mkono!"

Alikuwa ameitwa kwa jina lake. Gachoki aliutupa mwavuli, akaingia matopeni na viatu vyake, akamshika mama mkwe kwa mikono yote miwili, chini ya makwapa, akamwinua kama anavyomwinua mtoto. Mikono ya mama ilikuwa migumu na ya joto. Walisimama hivyo, wameshikana, wote wawili wakihema, matope hadi magotini.

"Goti?" Gachoki aliuliza. "Mama, goti liko aje?"

"Goti liko sawa. Limekaa kwa uji." Mama alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza, bila kuepusha macho. "Ningekufa hapa, ungemtafuta Susan uje kumuuliza kama unaweza kunishika?"

"Pole, Mama. Ni nthoni."

"Nthoni nilikuwa naijua kabla mama yako hajaolewa. Lakini niliiacha siku nyingi. Mkwe wangu wa Nkubu, yule wa dada yake Susan, tunakula sahani moja, tunagombania nyama. Kwako nikaona unatoroka na chakula chako, nikasema, huyu kijana ameshikilia desturi, nisimvunjie. Nikanyamaza."

"Na mimi nilidhani ni wewe unayetaka!"

Wakatazamana. Mama akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichomtikisa hadi Gachoki akahofia wataanguka tena. Yeye naye akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kicheko ama ni ya wiki zote zile za kula kitandani kama mgonjwa. Kisha mama akaacha kucheka ghafla.

"Lakini sikiza. Nimekaa kwako wiki zote hizo. Hakuna siku mwenye nyumba aliniambia karibu. Susan ananiambia eti wewe unataka nikae. Susan ni mtoto wangu, anaweza kunidanganya ili nifurahi. Mtu akikuona anakimbia na sahani, na hata leo anakula na nyani nyuma ya mti, utasema anakutaka kwake?"

Gachoki alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa hapo, yamesongamana mlangoni, na hakuna lililopita. Kutoka juu sauti ya Susan ilisikika. "Mungu wangu! Mmefanya nini nyinyi? Mama! Goti!"

Samaki walikuja kwenye sinia moja, wakubwa, wameungua kingo, na ugali wa moto na pilipili. Mama alikuwa amenawa na kufunga leso ya Susan. Gachoki aliketi upande wa pili wa sinia, akanawa mikono. Susan alitazama huku na huku kama mtu anayeona moshi bila moto. Mama alichambua nyama ya shingoni mwa samaki, ile nono, akaiweka mbele ya mkwe wake. Gachoki aliila. Ziwa lilikuwa linawaka nyuma yao, na hakuwahi kula kitu kitamu kama kile. Lakini alipojaribu kusema, alimsifu samaki. Akajaribu tena, akasifu upepo. Ulimi uliofungwa miaka mingi haufunguki kwa mlo mmoja.

Siakago walifika jua likielekea kuzama. Rwamba alikuwa ameweka uwanja safi na mbuzi wamefungwa. Mama alitoa ufunguo kifuani akafungua mlango wa mabati. Susan alisimama karibu na gari, midomo imekaza, na Gachoki aliona kwamba angeanza kulia. Alifungua buti, akautoa mkoba, akauchukua hadi mlangoni na kuuweka chini, kwa sababu ndivyo alivyotumwa na hakuna aliyemtuma kingine.

"Susan, mwambie..." alianza, kwa mazoea. Akajikatiza. Akavua kofia.

"Mama," alisema. "Nataka ukae kwangu. Sisemi kwa ajili ya Susan. Mimi ndiye nataka. Nyumbani kwangu nilikuwa nalala tu, wewe ndiye umenifanya niwe na haraka ya kurudi jioni. Nilimtuma Susan mara tatu kwa sababu nilikuogopa. Leo najituma mwenyewe. Ukikataa nitakuelewa, lakini usiseme hukualikwa. Mimi Gachoki nakualika. Karibu kwetu, Mama."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo hata kanisani. Masikio yalimwaka. Susan alikuwa ameziba mdomo kwa mikono.

Mama Veronicah alimtazama Gachoki, akatazama uwanja wake, mbuzi, kilima kilichokuwa kikigeuka zambarau nyuma ya nyumba. Kisha akamwita Rwamba, akamwambia mbuzi mweupe atazaa mwezi ujao na asimkose usiku huo. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha goti.

"Huu mkoba ni wa hospitali," alisema. "Mtu hahamii kwa watoto wake na nguo za hospitali. Gachoki, ingia chumbani kwangu. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Niletee blanketi ile nzito na nguo zangu za kanisa. Angalia mto pia, sipendi mito ya Nairobi."

Susan alishtuka. Hata Rwamba, aliyekuwa akifungua mbuzi, aligeuka. Kwao mkwe huweza kujenga nyumba ya mama mkwe, kuiezeka na hata kuipaka rangi, lakini siku itakapokwisha hatakiona kitanda cha mama huyo mpaka mmoja wao afe. Wanaume wazee wameenda kaburini bila kujua mama wakwe zao walilala upande gani.

Gachoki alisimama kizingitini. Aliinama akavua viatu vyake vilivyokauka matope, akavipanga kando ya mlango. Chumbani kulikuwa na giza na harufu ya sabuni ya kufulia.

"Ni upande wa dirisha," mama alimwelekeza kutoka nje. "Ingia tu, mwanangu."